Barua ya Machi: shule za Minnesota na shule za kwetu Kusini

Mwezi Machi huku Minnesota, Marekani, theluji bado ipo chini, lakini shule za msingi zimeshaanza kuzungumza na wazazi habari za Septemba. Karatasi inaingia kwenye begi la mtoto, na ujumbe uleule unafika kwenye simu: uandikishaji wa darasa la awali kwa watakaotimiza miaka 5 kufikia tarehe 1 Septemba, mitihani ya jimbo, wiki ya mapumziko, siku ya kuonana na mwalimu, siku ya michezo, siku ya kufunga shule mwezi Juni. Kila jambo lina tarehe, saa, mahali, kitu cha kubeba na mtu wa kuulizwa. Mtwara na Lindi, kusini mwa Tanzania, Machi hiyohiyo, mzazi anapata taarifa kwa mdomo wa mtoto: "Mwalimu kasema mje." Lini? "Kesho."

Kwenye mazungumzo yetu watu wa Kusini tulioko nje, habari ya shule za nyumbani huishia kwenye madawati na kompyuta. Kwa maoni yangu, kero iliyo rahisi kuliko zote kuiondoa ni hii ya taarifa kumfikia mzazi wakati hana tena la kufanya. Na wanaotaka tuige kila kitu cha huku nao wangoje kidogo, maana lipo jambo ambalo shule za kwetu zinalifanya vizuri zaidi.

Barua ya shule ya Marekani ni kavu. Haina salamu ndefu, haibembelezi, ila inafanya kazi. Chukua ya safari ya wanafunzi ya mwezi Mei. Nusu ya juu inataja mahali, saa ya basi kuondoka na kurudi, na kama mtoto abebe chakula. Nusu ya chini imetengwa kwa mstari wa nukta: mzazi anaandika jina la mtoto, simu ya dharura na dawa anazotumia, anatia sahihi, anakata, anarudisha. Kipande kisiporudi, mtoto anabaki shuleni. Kupiga simu asubuhi ya safari mara nyingi hakusaidii, kwa sababu wanachotaka ni sahihi.

Kwa waliofika karibuni, saa 9 asubuhi ya barua ni saa 3 yetu, na kikao na mwalimu ni dakika 15 au 20 tu. Ukichelewa zamu yako imepita. Jumapili ya pili ya Machi saa husogezwa mbele, kwa hiyo tofauti yetu na Mtwara inashuka kutoka saa 9 hadi 8. Kuhusu lugha, sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964 inaibana shule inayopokea fedha za serikali kuu iwasiliane na mzazi kwa lugha anayoielewa. Mkalimani ni bure. Omba mtu mzima, usikubali mtoto wako akutafsirie maendeleo yake mwenyewe.

Linalowashtua watu wa Kusini liko kwenye mistari midogo ya vyakula visivyotakiwa darasani. Shule nyingi huiweka korosho humo pamoja na karanga. Kwetu mtoto kwenda shule na korosho mfukoni msimu wa mavuno si habari, lakini wapo watoto ambao kipande kidogo tu kinawavimbisha koo kwa dakika chache wakahitaji sindano ya dharura, na mwenye mzio wa korosho mara nyingi pistachio nayo inamdhuru. Kwa hiyo siku ya michezo, kashata na kisamvu cha karanga vibaki nyumbani. Shule hutaka pakiti ya dukani ambayo haijafunguliwa. Hakuna anayedharau mapishi yetu hapo. Mwalimu anategemea lebo, na sufuria haina lebo.

La chanjo ndilo linalowaumiza wengi, hasa waliomleta mtoto kutoka nyumbani. Kadi ya kliniki ya Tanzania ina dozi 3 za chanjo ya pamoja ya dondakoo, pepopunda, kifaduro na homa ya ini B, ina polio, na ina surua-rubela mara mbili, miezi 9 na 18. Minnesota, kwa darasa la awali, wanataka dozi 5 za dondakoo, pepopunda na kifaduro, 4 za polio, 3 za homa ya ini B, 2 za surua, matumbwitumbwi na rubela, na 2 za tetekuwanga. Matumbwitumbwi na tetekuwanga hayamo kabisa kwenye kadi yetu, na dozi za kuongezea nguvu zinapungua. Mtoto aliye chini ya miaka 13 hukaa angalau miezi 3 kati ya dozi mbili za tetekuwanga. Ukianza Agosti, ya pili ni Novemba, na shule imeshafunguliwa Septemba. Ukiipata barua Machi na ukaenda kliniki Machi, unamaliza kwa utulivu. Kadi ya nyumbani usiitupe, maana dozi iliyoandikwa na tarehe yake inaweza kuhesabiwa, ingawa si zote: ya surua ya miezi 9, kwa mfano, haihesabiwi kwa sababu imetolewa kabla ya mtoto kutimiza mwaka.

Sasa twende nyumbani. Walimu wakuu wa Newala, Kilwa au Nachingwea wana bidii ya kutosha, ila kalenda yao imebanwa. Muhula wa kwanza unaanza Januari hadi Juni, una likizo fupi mwishoni mwa Machi, na mvua zetu ni za msimu mmoja, zinaanza Novemba au Desemba na kukatika Aprili au Mei. Machi na Aprili mpunga unakomaa mabondeni. Familia zinahamia shamba, watu wanalala dunguni kuamia ndege na nguruwe, na watoto wanafuata. Taarifa aliyopewa mtoto kwa mdomo inamkuta bibi peke yake nyumbani. Kundi la WhatsApp linawakosa wenye kitochi, simu ndogo ya vitufe. Tangazo la ukutani limeandikwa "wiki ijayo" bila tarehe, na anayelisoma Jumatatu hajui ni wiki ipi.

Kuna na hatari ya hali ya hewa. Kimbunga Kenneth kilipotukaribia tarehe 25 Aprili 2019, shule za Mtwara zilifungwa. Mei 2024 Hidaya kilileta mvua iliyokata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam upande wa Kilwa. Barua za huku husema mapema, kabla ya siku mbaya, tangazo la kufunga shule litatoka wapi na saa ngapi, na nani amchukue mtoto. Mistari miwili ya namna hiyo kwenye barua ya Machi ingewaondolea wazazi wa pwani mbio za kutafutana.

Lakini jambo ambalo tarehe inaliokoa au kuliua ni chakula. Minnesota, tangu mwaka wa masomo wa 2023/24, wanafunzi wa shule za umma hupata kifungua kinywa na chakula cha mchana bila malipo, jimbo linalipa. Kwetu wazazi ndio wanaotoa nafaka. Tupige hesabu ya makande: gramu 120 za mahindi na gramu 40 za kunde au mbaazi kwa mtoto kwa siku. Mwaka wetu wa masomo una siku 194. Hiyo ni mahindi kilo 23 na ushee, sawa na debe moja na robo, na jamii ya kunde karibu kilo 8 kwa mtoto mmoja. Shule ya wanafunzi 400 inahitaji magunia 93 ya mahindi, ya kilo mia. Ukimdai mzazi mahindi hayo Januari, unamkuta ghala limekauka na yeye mwenyewe ananunua unga wa kupima. Ukimdai mwishoni mwa Mei, yapo. Mbaazi zinakuja baadaye, Julai na kuendelea, kwa hiyo tarehe ziwe mbili, na katikati zitumike kunde na choroko.

Mchango ukishafika, unaharibika kwa unyevu na dumuzi. Mahindi yaliyovunwa mvua ikiwa haijakatika vizuri yakifungiwa stoo huota ukungu, na ukungu huleta sumukuvu, ambayo kuipika hakuiondoi. Kipimo hakihitaji mashine. Chukua chupa ya kioo iliyokauka, weka mahindi hadi theluthi, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika moja, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi ni mabichi, yarudi juani kwenye turubai. Ikishuka yote chini, yapokelewe. Baada ya hapo yaingie kwenye mifuko isiyopitisha hewa, kila mfuko wa ndani ufungwe peke yake, hewa ikamuliwe kwanza. Dumuzi hufa kwa kukosa hewa. Mfuko ukitobolewa na panya, au ukifunguliwa kila siku kuchota, ni sawa na gunia la kawaida; fungua mmoja, umalize, ndipo ufungue mwingine.

Jambo jingine la Machi ni majina. Namba ya PReM, yaani ya mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa msingi, anayopewa mtoto akiwa mdogo inamfuata hadi mtihani wa darasa la saba mwezi Septemba, na upimaji wa la nne unakuja Oktoba au Novemba. Kusini tuna jambo letu: mtoto aliyetoka jandoni au unyagoni hurudi na jina jipya, na mtaani hakuna tena anayemwita la zamani. Daftari la shule lina jina moja, cheti cha kuzaliwa lingine, na Hamisi wa huku ni Khamis wa kule. Kosa likigunduliwa baada ya matokeo, mzazi anahangaika kati ya shule, halmashauri na RITA, wakala wa vyeti vya kuzaliwa. Likigunduliwa Machi, mwalimu analisahihisha mezani mzazi akiwa amekaa naye.

Nilisema lipo ambalo shule za kwetu zinatushinda huku, nalo ni kikao. Mkutano wa wazazi wa shule ya kijiji, wakiwa na mtendaji, kamati ya shule na wazee chini ya mwembe, unaamua mambo. Mama asiyejua kusoma anasimama na kuuliza ruzuku imeenda wapi, na anajibiwa mbele za watu. Shilingi 6,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka zikifika shuleni, kwa wanafunzi 400 ni shilingi 2,400,000, sawa na 200,000 kwa mwezi, na hesabu hiyo inatakiwa ibandikwe mahali kila mtu anaona. Huku barua inakuarifu kilichokwisha kuamuliwa na bodi. Mzazi anaweza kumaliza miaka sita bila kujua jina la mzazi wa mtoto anayekaa dawati moja na wake. Kwangu hiyo ni hasara kubwa, na barua nzuri kiasi gani haiifidii.

Ndiyo maana barua ninayoitaka Kusini iwe ya kuita watu kwenye kikao, isiwe mbadala wake. Nusu ya karatasi ya A4 inatosha. Shule yenye kaya 250 inahitaji karatasi 125. Kopi zikiwa shilingi 100, ni shilingi 12,500. Juu ziandikwe siku, tarehe, saa, chumba, ajenda na kitu cha kubeba. Chini kipande cha kukata chenye jina la mtoto, jina la mzazi na alama au dole gumba. Itoke siku 14 kabla ya kikao, kabla ya likizo fupi. Mwalimu wa darasa atie alama vipande vinavyorudi, na siku ya nne orodha ya visivyorudi apewe mwenyekiti wa kitongoji, ambaye anajua nani yuko shamba gani. Tangazo lisomwe msikitini baada ya swala ya Ijumaa na kanisani Jumapili. Wenye kitochi watumiwe ujumbe mfupi usiozidi herufi 160, kwa mfano: "Wazazi: kikao Alhamisi 26 Machi saa 4 asubuhi, chumba cha darasa la 5. Ajenda: chakula, majina ya la 4 na la 7. Leta cheti cha kuzaliwa. Mwl Mkuu." Na iandikwe wazi kwamba mchango ni wa makubaliano na hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa kukosa. Wazazi wengi hawaji kikaoni kwa kuogopa aibu ya debe ambalo hawana.

Tulio nje tukitaka kusaidia, tununue rimu za karatasi, wino na mifuko ya kuhifadhia nafaka. Fedha zipite akaunti ya shule, kamati ikijua kiasi, zisipite simu ya mwalimu. Na zitumwe Februari.