Mafuta kila mwezi, nauli mpaka lini?

Juzi dereva wangu kanipigia usiku nishalala, anauliza "tajiri, kesho hesabu ni ile ile?" Nikajua tu leo Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, wale wanaodhibiti bei ya mafuta, washatoa bei mpya na dizeli imepanda. Nina Hiace moja ya daladala inapiga Pongwe na mjini hapa Tanga, niliinunua kwa mkopo, na mazungumzo haya mi na yeye tunayafanya karibu kila mwezi. Nikimkazia hesabu ile ile, yaani hela anayoniletea kila siku, maana yake yeye na konda wanarudi nyumbani hawana kitu, nikishusha marejesho ya benki yananisubiri.

Wengi wakisikia mwenye gari analalamika wanadhani nataka bei kikomo, ile ya juu kabisa ambayo sheli haruhusiwi kuipita, ifutwe. Hapana jamani, sitaki kabisa. Ukitoka hapa mjini ukaingia huko ndani ndani Handeni au Kilindi unaweza kukuta sheli moja tu, bila kikomo huyo mwenye sheli si angeuza anavyotaka? Bei ikipanda kwa sababu soko la dunia limepanda naelewa, mafuta yote tunaagiza nje na dola ina bei yake.

Ninachopigia kelele ni kingine. Mafuta yana mdhibiti wake anayebadilisha bei kila mwezi, nauli ina mdhibiti wake LATRA, na hawa wawili hawatembei mwendo mmoja. Angalia 2022, vita ya Ukraine imeanza, petroli imepita 3,000 kwa lita mpaka serikali ikatoa ruzuku ya bilioni 100 kwa mwezi. LATRA wakapandisha nauli Mei ule mwaka, sawa. Baada ya hapo nauli mpya tena ni Desemba 2023! Mwaka na nusu nauli imesimama palepale na katikati hapo EWURA kila mwezi wanatangaza, mara juu mara chini, alafu 2023 yenyewe ikaja na uhaba, magari yanapanga foleni sheli na siku ya foleni hesabu hakuna.

Na haki isemwe, bei ikishuka sisi wenye magari hatushushi nauli. Mama anayetoka Pongwe na tenga lake la mchicha kwenda Ngamiani analipa ile ile, kwahiyo na yeye anaumia kwa upande wake.

Shemeji yangu alikuwa na hela ya kuongeza gari ya pili tuwe washirika. Tukakaa na daftari jioni nzima, tukapiga mafuta, tairi, bima, dereva, tukifika kwenye mafuta tunakwama maana huwezi kuandika namba itakayokaa miezi mitatu. Mwishowe kaenda kujenga vyumba vya kupangisha, na simlaumu, ila vyumba vile havijaajiri dereva wala konda, gari ingeajiri wote wawili.

Sa hivi Tanga kila mtu anaongelea bomba la mafuta la kutoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, kilomita 1,443, na nasikia watu vijiweni wanasema likianza mafuta yatashuka. Ndugu zangu yale ni mafuta ghafi ya Uganda, yanakuja kupanda meli kwenda nje, hayaingii kwenye tangi la daladala. Lakini kuna jambo pale la kujifunza, wale wawekezaji kabla hawajamwaga hela zao walikubaliana kwanza ada ya kupitisha mafuta kwenye bomba, dola 12.77 kwa pipa, ikaandikwa. Walitaka kujua watapata nini ndo waweke pesa. Mi na shemeji tulikuwa tunataka kitu hicho hicho, kwa gari moja.

Kwanini LATRA wasiweke kanuni ya wazi, dizeli ikivuka kiwango fulani na ikakaa hapo miezi miwili basi nauli inapanda shilingi 50, ikirudi chini na nauli inarudi, vikao virefu vibaki kwa mambo makubwa? EWURA wana fomula yao na wanaitumia kila mwezi bila kumsubiri mtu. Abiria angejua, dereva angejua, na mi dereva akinipigia usiku ningekuwa na jibu la kumpa, maana juzi nilimwambia tu alete atakachopata.