Njia nyeupe ya Nala inanitisha kuliko fujo za Pune

Kila nikija likizo Dodoma, salamu zangu za kwanza hupitia kijiwe cha bodaboda pale Nkuhungu anapopaki mdogo wangu, na swali huwa lilelile. "Kaka, huko India si ndiko wanakoendesha kama wamechanganyikiwa? Tumeziona video." Nacheka, nakubali. Video hazidanganyi. Huu ni mwaka wangu wa 6 India, jijini Pune, kwanza chuo, sasa kazi, na karibu muda wote huo nimekuwa juu ya pikipiki. Tukishamaliza kucheka huwa nawaambia jambo ambalo hawalipendi: saa 12 jioni pale Swargate, skuta imenibana kushoto, basi la jiji kulia, ng'ombe mbele, roho yangu imetulia kuliko nikiwa peke yangu barabara ya Singida saa 4 usiku.

Mdogo wangu anasema nimekuwa mzungu. Mzungu wa India, sijui ndiye yupi huyo.

Naomba nieleweke. Simo kwenye lile kundi la ndugu zetu walioko nje ambao kila wakifungua mdomo ni "huku kwa wenzetu". Wenzetu wa Pune hawasimami kwenye zebra. Hawasimami kabisa. Dodoma, kwa kumwogopa trafiki na faini yake, hata V8 ya mheshimiwa inashika breki mtoto wa shule akikanyaga mistari. Huku Pune mama mwenye mtoto mkononi ananyoosha kiganja, anaingia barabarani, na sisi tunampitia mbele na nyuma. Foleni ikibana, watu wanapanda na pikipiki kwenye njia ya waenda kwa miguu. Wengine wanakuja upande wako, uso kwa uso, kwa sababu pa kugeuzia ni mbali na petroli ni ghali. Mishikaki ipo pia: baba, mama, watoto wawili, na mdogo kabisa amesimama mbele ameshika usukani pamoja na babake. Hiyo nidhamu mnayohadithiwa ya ng'ambo mimi hata harufu yake sijaisikia.

Mwezi wangu wa kwanza Pune nilitaka kuirudisha pikipiki kwa aliyeniuzia. Nilifika njia panda moja karibu na chuo, nikaweka mguu chini kama nilivyozoea nyumbani, nikasubiri nafasi. Nafasi haikuja. Dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nyuma yangu honi. Akatokea mama mmoja kwenye skuta, kajifunga mtandio uso mzima yamebaki macho, glavu hadi kwenye viwiko. Wanawake wengi wa Pune ndivyo wanavyojikinga na jua na moshi. Akasimama ubavuni kwangu, akaniangalia juu mpaka chini. "Unamsubiri nani?" Halafu akaingia, polepole, mwendo wa mtu anayetembea, na lile zogo lote likamzunguka bila hata mmoja kumtazama. Nikamfuata nyuma kama kifaranga.

Siri ilikuwa hapo, kwenye mwendo. Katikati ya mji unapata 20, ukibahatika 30, na kila mtu anaangalia kilicho mbele yake tu. Kilicho nyuma kitajisemea chenyewe kwa honi. Kwetu honi ni tusi, au ni salamu kwa shemeji aliyekaa barazani. Huku ni kupiga hodi: nipo, napita kulia kwako. Malori yameandikwa nyuma kwa rangi za kumeremeta yakikuomba uipige. Kelele zinachosha, sitadanganya. Kuna Jumapili natamani kuwa Hombolo nasikiliza ukimya. Lakini mtu wa mwendo wa 20 akikugonga unapata mchubuko na maneno mawili matatu ya Kimarathi, lugha ya huku, mnanyanyuka, kila mtu anaendelea na safari.

Najua kuna atakayenijibu kwamba India watu wanakufa barabarani. Wanakufa, tena sana. Takwimu za wizara yao ya barabara zinahesabu vifo 168,491 kwa mwaka 2022 pekee, na zaidi ya 4 katika kila 10 walikuwa watu wa pikipiki na skuta. Ila usiishie hapo. Barabara kuu za taifa na za majimbo ni kama 5% tu ya urefu wa barabara zote za nchi ile, na ndizo zilizobeba takriban 60% ya vifo hivyo. Sababu inayoongoza kwa mbali ni mwendo kasi. Kwa hiyo hofu yangu naiweka zaidi kwenye lami nzuri, pana, iliyonyooka, isiyo na mtu, kuliko pale kwenye skuta na ng'ombe.

Na lami ya namna hiyo ndiyo tuliyonayo Dodoma. Tuliililia, tukapewa. Ile ya Babati kupitia Kondoa ilizinduliwa 2018, na anayekumbuka safari ya Kondoa ya zamani, unafika umekuwa mwekundu mpaka kope, hawezi kusema lami ni mbaya. Mimi siisemi vibaya. Nasema tumepewa barabara ya kukimbia kabla hatujajua kusimama.

Desemba iliyopita nilichukua Boxer ya mdogo wangu kumpeleka shangazi kijijini Nala, barabara hiyo ya Singida. Nikakaa kula, nikakaa kuongea, nikatoka usiku. Njia nyeupe kabisa. Upepo wetu ule wa Dodoma unanisukuma mgongoni, taa ya mbele inamulika kama kibatari, mshale uko 80 na wala sikuhisi kama nakimbia. Pune sijawahi hata kufika 80. Nikaona majani juu ya lami. Aliyekulia Dodoma anajua kusoma majani: tawi la mgunga katikati ya barabara maana yake mbele kuna lori limekufa. Nikabana breki ya mbele, ikaja hadi kwenye mpini bila kushika kitu. Nikakanyaga ya nyuma, ikapiga kelele ya chuma kusaga chuma. Nikapita juu ya fungu la pili la matawi, nikalipita tela kwa karibu kiasi kwamba namba zake ningeweza kuzisoma, nikaishia kwenye kokoto za pembeni, pikipiki imezimika, miguu inatetemeka.

Dereva alikuwa amekaa kwenye gogo upande wa pili, anasonga ugali kwenye jiko la mkaa. Hakunyanyuka. "Pole kijana. Matawi lakini uliyaona?"

Niliyaona, mzee.

Asubuhi nikamwamsha mdogo wangu kwa ukali. Unabebaje abiria na breki hizi? Akaniangalia kama mtu anayemfafanulia mtoto. "Kaka, breki hazilipi hesabu." Pikipiki ni ya mkataba, kila siku anapeleka 10,000 kwa mwenye chombo mpaka deni liishe. Oili anamwaga kwa tarehe, hakosi. Filta ya hewa anaipuliza kila wiki kwa sababu vumbi letu linaziba kila kitu. Plagi ya akiba inakaa mfukoni. Injini ikizima, siku hiyo hakuna hesabu. Breki zikiisha, siku inapita vilevile, na kesho pia, na mwezi. Saidimira alizifungua mwenyewe, zinamzuia kupenya sokoni Sabasaba. Indiketa ya kushoto ilipasuka tangu Machi.

Nilikasirika, kisha nikakosa la kusema, maana nilipokuwa kijiweni hapohapo kabla ya kupata chuo, mimi nilikuwa hivyohivyo.

Huku Pune pikipiki yangu ni Splendor, nyepesi, injini haifiki hata cc 100. Mhindi akikuta pikipiki mpya hakuulizi inakimbia kiasi gani. Anauliza kwa lita moja inakwenda kilomita ngapi. Ukimjibu 60 anatikisa kichwa kwa heshima. Kwetu swali ni moja: inabeba? Inabeba gunia, inabeba kreti za soda, inabeba mgonjwa kutoka Chipanga mpaka hospitali ya mkoa. Ndiyo maana zile tunazoziona za kawaida, Boxer na TVS HLX, zenye kiti kirefu na keria ngumu, zinatengenezwa India na India yenyewe huzioni barabarani. Fundi wangu wa uchochoroni nilipomtajia Boxer alicheka, akasema marehemu baba yake alikuwa nayo, ile ya zamani. Sikuamini hadi alipoita mwenzake aje anisikie. Na siku zangu za mwanzo nilimuuliza mlinzi wa geti nitapata wapi bajaji. Akanielekeza Akurdi, makao makuu ya kampuni ya Bajaj. Kilomita nyingi tu. Nilichotaka ni usafiri wa kwenda kununua nyanya.

Huyo fundi alinifundisha kwamba hata matunzo yana nchi yake. Juni hadi Septemba mvua za Pune hazina adabu. Tukinyeshewa tunarundikana mamia chini ya daraja la juu, pikipiki kwa pikipiki, mpaka ipungue. Cheni ukiiacha kavu usiku mmoja, asubuhi ina kutu. Kwa hiyo oili, oili, kila mara. Nikaja na elimu hiyo Dodoma nikampakia mdogo wangu cheni oili hadi inadondoka. Wiki moja baadaye ilikuwa imevaa koti la mchanga, na mchanga kwenye mafuta ni msasa: unakula meno ya sproketi huku unaendesha. Fundi wa Nkuhungu aliifuta kwa mafuta ya taa na tambara, akapaka kidogo mno, akanitazama. "Wewe ndiye uliyetoka India?"

Kuna kitu kimoja cha huku ningekibeba kama kingeingia kwenye begi. Kila mwaka, mara nyingi Oktoba, kuna sikukuu ya Kihindu ya Dasara. Asubuhi mtaa mzima unaosha pikipiki. Zinafutwa mpaka kwenye njiti za rimu, zinavishwa shada la maua ya njano kwenye usukani, zinapakwa rangi nyekundu juu ya taa, wengine wanaweka ndimu chini ya tairi na kuikanyaga ndiyo waondoke. Mimi ni Mwanglikana wa kuzaliwa, ibada hiyo si yangu. Lakini jirani yangu, mzee mstaafu, kabla ya maua huwa anachuchumaa anakagua: anabana breki, anavuta cheni kwa kidole, anawasha indiketa moja baada ya nyingine. Mwaka jana alimaliza ya kwake akaja kwenye yangu bila kuniuliza. Akagundua taa ya nyuma haiwaki. Akanigombeza mbele ya watu, kisha akaivisha maua.

Kabla sijaondoka Dodoma nilimpa mdogo wangu hela ya breki, za mbele na za nyuma, na saidimira. Nikasimama kwa fundi mpaka zikafungwa, maana namjua. Tukaenda kuzijaribu pale kwenye uwazi wa Nane Nane, akabana, pikipiki ikasimama papo hapo, naye akacheka kama mtoto.

Juzi kanitumia ujumbe. Breki bado nzima, saidimira moja ameiacha. Tatizo ni abiria. Siku hizi anakwenda 50 barabara ya Mtumba, kwenye mji wa serikali, asubuhi, na wafanyakazi wa wizarani wanamgonga begani wanamuuliza kama pikipiki ni mbovu. Wawili wa kila siku wamehamia kwa jamaa wa kijiwe cha pili. Ananiuliza nimshauri nini.

Sijamjibu bado.