Virusi Vimefubaa, Mtu Je?

Majibu ya wingi wa virusi yakitoka mazuri, unapongezwa, faili linafungwa, anaitwa mwingine. Ninaishi na VVU, na pongezi hizo nimezipokea kwa furaha ya kweli. Virusi visipoonekana kwenye kipimo na nikaendelea na dawa, simwambukizi mwenza wangu kwa kujamiiana, na kinga ya mwili wangu inapata nafasi ya kujijenga. Ila kipimo kile hakiulizi kama ninalala usiku. Yupo mwenzetu anayemeza dawa kila siku bila kukosa huku ameacha kupokea simu za ndugu, ameacha ibada, na akijitazama haoni mtu wa kupendwa tena. Kwenye takwimu huyo amefanikiwa.

Ninaamini washauri rika wetu, yaani watu wanaoishi na VVU wanaowashauri wenzao, wametumwa kulinda dawa kuliko kumlinda mtu. Mshauri anapewa orodha ya waliokosa kliniki: awapigie simu, awafuate, awarudishe. Kazi hiyo inaokoa maisha na siibezi hata kidogo. Lakini mara nyingi mtu anapoacha dawa, huo ni mwisho wa jambo lililoanza zamani. Sonona. Kuachwa na mwenza. Kuchoka kuficha kopo la dawa ndani ya nyumba yenye watu. Ukimfuata kwa ajili ya dawa tu, umeshachelewa.

Zimbabwe wamelipima jambo hili. Mpango wa Zvandiri, ulioanzia Harare mwaka 2004, huwafundisha vijana wanaoishi na VVU kuwashauri wenzao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba vijana waliopata msaada huo walifanikiwa kufubaza virusi kuliko waliopata huduma za kawaida pekee. Watafiti wakasogea mbele. Baadhi ya washauri hao wakafundishwa kukaa na mwenzao mwenye dalili za sonona au wasiwasi, wakamsaidia kuyataja matatizo yake, kuchagua moja la kuanza nalo, na kulitafutia njia pamoja naye. Matokeo yakachapishwa mwaka 2022. Kwa upande wa virusi, vijana wa washauri hao na wale wa washauri wasiopata mafunzo hayo ya ziada walikaribiana. Kwa upande wa akili, waliobaki na dalili walikuwa wachache zaidi kwa wale waliopata mazungumzo hayo. Kama wangepima damu peke yake, tofauti hiyo isingejulikana, na mtu angeweza kuandika kwamba mafunzo ya ziada hayakuleta kitu.

Ndiyo maana nataka mshauri rika afundishwe kuuliza habari za moyo kabla ya habari za vidonge. Tayari ana kitu ambacho daktari, awe mwema kiasi gani, hawezi kukipata: amepita njia hiyo hiyo. Walioanza tiba enzi za efavirenz, mojawapo ya dawa za VVU, wanazikumbuka ndoto zile za kutisha na kizunguzungu cha asubuhi. Wapo waliodhani wanarukwa na akili, wakanyamaza kwa kuogopa kuambiwa hivyo. Neno la mwenzao, “hata mimi ilinitokea, ni dawa, kamwambie daktari,” liliwatoa gizani kabla hata dawa haijabadilishwa. Msaada huu una mpaka, na mpaka huo lazima aujue: anayezungumzia kujiua afikishwe kwa mtaalamu siku hiyo hiyo, na huduma hiyo iwepo kweli, isiwe jina kwenye fomu. Suala la siri silijadili kwa urefu. Mshauri anayetoa siri za watu aondolewe.

Linaloniuma zaidi ni hali ya washauri wenyewe. TASO, shirika la kuwasaidia watu wenye VVU, ilipoanzishwa Uganda mwaka 1987, mwanzilishi wake Noerine Kaleeba alikuwa ametoka kumzika mumewe kwa UKIMWI, na kati ya wenzake walikuwepo waliokuwa na virusi na hawakuishi muda mrefu baada ya hapo. Waliwafariji watu wakiwa wafiwa. Dawa zimekuja na vifo vimepungua sana, lakini bado tunamtegemea mtu abebe huzuni ya wengine juu ya yake, kisha tunausifu moyo wake wa kujitolea. Anayemsikiliza kijana aliyekataliwa na mama yake huenda anasikia maisha yake mwenyewe yakisimuliwa. Kisha anaenda nyumbani kwa posho isiyotosha nauli, na kesho anatarajiwa atabasamu.

Alipwe mshahara, kama mfanyakazi yeyote wa afya. Awe na mtu aliyesomea kazi hiyo wa kukaa naye mara kwa mara, wazungumze juu yake yeye, si juu ya idadi ya wagonjwa aliowarudisha kliniki. Na siku atakaposema hana nguvu za kumsikiliza mtu, apewe siku hiyo bila kukatwa hela.