Rangi au wino mtupu? Kuhusu ile katuni ya binti wa Newala

Kuna dogo hapa Mtwara mjini kachora hadithi ndefu ya picha, binti anashuka kutoka Newala kwenda Mikindani kumtafuta kaka yake msimu wa korosho ukiwa umeisha, na kaitoa kwa namna mbili: faili la rangi la kusomea kwenye simu na kijitabu cha wino mweusi kilichopigwa kopi stationari. Wadau wakagawanyika hapo hapo. Wapo wanaosema ya rangi ndo kazi yenyewe, hiyo nyingine ni ya mtu aliyeishiwa hela, na wapo wanaosema rangi imemharibia michoro. Mi nimezisoma zote mbili na naona kila upande una hoja ila wanaitetea vibaya.

Nianze na rangi. Kurasa za mwanzo udongo wa Newala ni ule ule mwekundu tunaoujua, umepanda mpaka kwenye pindo la kanga na kwenye kuta za nyumba, mabibo yamezagaa chini ya mikorosho mengine mekundu mengine ya njano. Halafu gari ikianza kushuka wekundu unapungua kiboksi kwa kiboksi, ukifika Mikindani kumebaki kijivu cha kuta za matumbawe na bluu ya bahari, na hajaandika popote kwamba tumeshafika. Usiku binti anavua viatu kwa mwenyeji wake, na ule udongo ulioganda kwenye soli ndo kitu pekee chekundu ukurasa mzima. Yaani hapo rangi inasimulia. Kwenye kopi nyeusi hicho kiboksi ni kiatu tu, unapita.

Sasa anayesema bila rangi hakuna kazi, mpeni Persepolis, hadithi ya picha ya Marjane Satrapi, ilianza kutoka 2000 Ufaransa, nyeusi na nyeupe mwanzo mwisho. Mle kuna moto wa jumba la sinema la Rex kule Abadan, Iran, mwaka 1978, watu waliungulia ndani, na yeye kauchora bila tone la rangi: giza, na humo watu wenyewe wamegeuka ndimi nyeupe za moto zenye sura zinapanda juu. Angetia nyekundu na machungwa tungeona moto, tukaacha kuwaona watu. Na sisi wenyewe tumekua na kina Ndumilakuwili na Lodi Lofa wa gazeti la katuni la Sani, wino mweusi kwenye karatasi ya bei rahisi, nani aliwahi kulalamika?

Kuna jambo watu wa rangi hawalisemi, ngozi. Kwenye wino uso unaachwa mweupe kama karatasi na bado kila mtu anajua huyu Mswahili, msomaji anajazia mwenyewe. Ukitia rangi inabidi uamue, na dogo hapa kachoka: kachukua kahawia moja kajaza kwa kile kidude cha ndoo kwenye programu, mama, binti, dereva, mpaka Mhindi wa dukani, wote rangi moja! Pita sokoni hapo uhesabu weusi uko wa aina ngapi. Hilo ndo kosa kubwa la toleo la rangi, na sijaona mtu kalitaja.

Wale wa wino nao wanapenda kusema sisi watu wa Kusini asili yetu vinyago vya mpingo, Mmakonde hana rangi ya kukimbilia, kila kitu ni umbo na mwanga unavyokaa kwenye mikunjo. Sawa, ila George Lilanga wa Masasi alikuwa mchongaji, na huyo huyo akajaza mashetani yake, vile viumbe vyake vya ajabu, rangi za makopo zinazowaka mpaka basi. Asili haimalizi huu ubishi. Ukimtazama Lilanga vizuri utaona hata ukizivua zile rangi zote shetani bado limesimama na masikio yake na tumbo lake, mstari ulishafanya kazi. Dogo kurasa zake nyingi zinafaulu mtihani huo, isipokuwa zile za usiku baharini, pale kaitegemea bluu mno, ukiitoa huoni mtumbwi unaanzia wapi.

Halafu kuna suala la mahali pa kusomea. Rangi ya skrini ni mwanga, ya karatasi ni wino wa sayani, majenta, njano na mweusi unaozama kwenye karatasi, kwa hiyo ile bluu ya usiku akiipeleka printa kwenye karatasi ya kawaida itatoka tope. Na simu yenyewe jaribu kuisoma Shangani hapa Mtwara, juani saa saba mchana, uone.

Mi ningemshauri toleo la pili alichape kwa wino, akaze mistari ya mtumbwi, hela ya rangi aiweke kwenye kurasa za Newala na ule ukurasa wa kiatu tu. Na ngozi azichanganye upya, moja moja, hata kama itamchelewesha.