Hilo jiwe lina mwenyewe

Wiki iliyopita kuna video ilizunguka kwenye grupu la WhatsApp la mtaa wetu. Mvua imenyesha Dagoretti usiku kucha, Mto Ngong umejaa, maji rangi ya chai ya maziwa, na kijana mmoja kasimama juu ya jiwe kubwa katikati ya mto akijipiga picha. Ng'ambo, mzee anapiga kelele: "Wewe! Toka hapo! Hilo jiwe lina mwenyewe!" Chini ya video ni vicheko vitupu. Mmoja akaandika, "Mwenyewe alete hati ya kiwanja."

Kusema kweli nilicheka. Katika Nairobi hii, ambapo hata kichaka cha kando ya mto kina watu watatu wenye hati, jiwe kukosa mwenyewe ndiyo ingekuwa ajabu. Lakini kijana yule alitolewa pale kwa kamba ya kuanikia nguo, na mpaka leo anayechekwa ni mzee. Hapo ndipo hasira zilinipanda.

Sisi tuliokulia kando ya mto tunalijua onyo hilo. Mwenyewe alikuwa nyoka, au bibi wa majini, kutegemea nani anakutisha. Masharti hayakubadilika: usilipande maji yakigeuka rangi, na usiogelee nyuma yake hata wakati wa kiangazi. Nyuma yake, jamani! Simama ukingoni utazame chupa ya plastiki ikipita. Inafika kwenye jiwe, inapinda pembeni, halafu inavutwa kurudi, inazama, inaibuka, inazunguka palepale mpaka uchoke kuitazama. Maji yakigonga jiwe hugawanyika, yakishapita hujikunja nyuma yake na kuchimba mchanga, na tope linalificha shimo lote. Kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, msukumo wake unaongezeka mara nne. Maji ya sentimita 15 tu, yakienda mbio, yanaweza kumwangusha mtu mzima.

Haya, mweleze hayo mtoto aliyetoroka shule, suruali iko kichwani. Atakusikiliza? Mwambie kuna nyoka anayemeza watoto, ataenda kuogelea kwingine. Bibi zetu hawakuwa na nafasi ya kufundisha fizikia, walikuwa na nguo za kufua. Na kile kibao cha chuma cha onyo tulichowekewa darajani kiko wapi? Kiliuzwa skrepu, kwa kilo.

Msiniambie ni ushamba wetu. Kule Děčín, Chekia, kuna jiwe ndani ya Mto Elbe lililochongwa kwa Kijerumani, na mwaka wa 1616 umeandikwa juu yake: ukiniona, lia. Likionekana, mto umekauka na njaa inakuja. Lilijitokeza 2018 na tena 2022, na waandishi wa habari wakalipiga picha kwa heshima zote. Hakuna aliyelidai hati.

Hapa kwetu pia heshima ipo, bora kuna watalii: tazama miamba ya Kit Mikayi na Nzambani, na jiwe la Ilesi linalolia. Hayo si ya mtoni, najua, msinisahihishe.

Nakubali, kuna waliotumia hofu hiyo kula mbuzi wa wenzao, na kuna mama wazee waliosingiziwa uchawi kila mtoto alipozama. Huo ni unyama. Lakini kutupa onyo zima kwa sababu ya walafi wachache ni uvivu.

Aprili 2024 mafuriko yaliwakuta watu wa Mathare usiku, wengine wakiwa usingizini. Amri ya kuhama mita 30 kutoka mtoni ilikuja baadaye, tingatinga nyuma yake. Jirani yetu mmoja wa zamani alikuwa na kipimo chake: jiwe likifunikwa lote, godoro juu ya kabati, watoto kwa shangazi kule mlimani. Alisema mwenyewe wa jiwe amelala, nasi tusilale. Hakungoja redio.

Leo jiwe letu lina namba ya simu ya mganga wa kurudisha wapenzi, na jina la mgombea aliyeshindwa. Naomba wazee wa mtaa watuonyeshe ni wapi maji yakifika watu wanapaswa kutoka, tupige mstari mwekundu hapo, na juu yake tuandike HAMA SASA. Rangi nitanunua mimi.