Muvi moja, euro 815

Barua ilikuja Jumanne, bahasha nyeupe nene, nikadhani ni bili ya umeme. Kumbe ni kurasa 12 kutoka kwa mawakili wa mji ambao sijawahi hata kuupita kwa basi. Ukurasa wa kwanza jina langu kamili, pamoja na lile la katikati ambalo mama hulitumia akikasirika tu. Ukurasa wa pili jina la muvi, tarehe, saa, dakika na sekunde. Sekunde, jamani! Hapa Ujerumani treni inachelewa dakika 40 na hakuna anayeshtuka, lakini wizi wangu wameupima kwa sekunde. Nilipe euro 815 ndani ya siku kumi, kisha nitie saini karatasi ya kuahidi kwamba sitarudia tena maishani.

Na muvi yenyewe ilikuwa mbovu. Nililala katikati.

Wajerumani wanaiita Abmahnung, yaani barua ya onyo, na ukiitaja kazini kila mtu ana rafiki iliyewahi kumfika. Inakwenda hivi: ukishusha kitu kwa torenti, kompyuta yako inapokea vipande na papo hapo inawagawia wengine vile ulivyokwisha kupata. Kwa hiyo machoni pa sheria mimi si mtazamaji aliyekosa hela ya tiketi, ni msambazaji. Mwenye muvi anaweka watu humo humo kwenye torenti wakiandika namba za intaneti zinazopita, anakwenda mahakamani, mahakama inairuhusu kampuni ya intaneti itoe jina, barua inapigwa chapa. Biashara ya barua hizi ilinoga mpaka mwaka 2013 ikabidi itungwe sheria ya kubana ada za mawakili kwa mtu wa kawaida anayeandikiwa mara ya kwanza. Ina maana waliotangulia walikamuliwa kuliko mimi. Mungu awape subira.

Usiku ule sikulala, lakini si kwa ajili ya hela peke yake. Nilikuwa namkumbuka kijana mmoja na flash yake.

Kabla sijaondoka nyumbani Tanzania nilifanya kazi miaka miwili kwenye kibanda cha kurusha nyimbo kwenye simu na flash za wateja, karibu na stendi Morogoro. Mnavijua, sina haja ya kuwaeleza. Kibodi ya kompyuta yetu ilikuwa imeng'oka herufi E, tukawa tunaibonyeza kwa kijiti cha kiberiti. Mafolda yalikuwa BONGO FLEVA MPYA, GOSPEL, TAARAB, RUMBA ZA WAZEE, na jingine limeandikwa MASOMO ambalo halikuwa na somo lolote la kumwonyesha mtoto. Nyimbo kumi shilingi 500, ukitaka kujaza kadi nzima tunaelewana.

Siku moja akaingia huyo kijana, miwani ya jua usoni na mawingu yametanda nje. Akasema ana wimbo wake, ameurekodi kwa hela aliyopata baada ya kuuza simu. Nikajua leo nimekwisha, amekuja kugomba. Akatoa shilingi 2,000, akaniwekea mezani, "ya soda, bro," akaniomba wimbo wake nimwekee juu kabisa kwenye BONGO FLEVA MPYA na kila mteja nimpachikie, aombe asiombe. Nikauandika 001 mbele ya jina ili usishuke. Ulikuwa wimbo mzuri, nisimsingizie. Wiki ile kila aliyepita pale aliondoka nao, hata bibi mmoja aliyekuja kutafuta kwaya.

Yaani mwenye mali alimlipa mwizi ili aibiwe vizuri. Nimeishi Ulaya tangu 2015 na sijapata Mjerumani hata mmoja wa kunielewa nikimsimulia kisa hiki. Wanacheka mahali pasipo pa kuchekea.

Sasa najua mnachosema. "Huyo, kapanda ndege mara moja, leo anatufundisha hakimiliki." Hapana. Mimi ndiye niliyekaa kwenye kiti cha plastiki nikiuza jasho la watu kwa shilingi hamsini hamsini, sina pa kujitutumulia. Ninachosema ni kidogo tu: yule kijana angetaka kuniandikia barua, angeipeleka wapi? Kibanda kilikuwa wazi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nne usiku, nilikuwa naonekana kuliko mnara wa simu, lakini hakuwa na haja ya kunishtaki. Redioni hawamchezi, duka la kuuza wimbo wake halipo, mwenye kumpelekea sauti yake Kilosa na Ifakara ni mimi na flash za makondakta. Ukinifunga mimi, umemfungia na yeye barabara.

Msidhani huku kwenyewe kuna busara tupu. Nilipofika, ukifungua video ya muziki kwenye YouTube mara nyingi unakutana na uso mwekundu wenye huzuni unaokwambia haipatikani Ujerumani. Chama chao cha kukusanya haki za muziki, GEMA, kilikuwa kinavutana na YouTube kuhusu malipo tangu 2009, wakaja kuelewana Novemba 2016. Mwaka mzima wa kwanza dada yangu wa Morogoro, kwa bando la kuungaunga, alikuwa anatazama nyimbo za Ulaya ambazo mimi niliye Ulaya nimenyimwa. Aliniringia mno. Mwaka 2010 GEMA walifika hadi kuziandikia shule za chekechea kwamba kudurufu karatasi zenye noti za nyimbo za watoto kuna malipo yake. Chekechea! Na ukinunua simu au flash mpya, ndani ya bei kuna tozo ya hakimiliki umeshakatwa, unakili usinakili; wazo hilo wanalo tangu sheria yao ya 1965, enzi za tepu.

Lakini hapo ndipo wananiudhi na kunitia wivu kwa wakati mmoja. Jirani yangu wa ghorofa ya pili anapiga gitaa kwenye mabaa, si maarufu hata mtaani kwake. Kila mwaka anaingiziwa hela za hakimiliki. Si nyingi, analalamika hazifiki kodi ya mwezi mmoja, lakini zinaingia benki zenyewe, bila hafla, bila mgeni rasmi, bila hundi kubwa ya boksi ya kupigia picha.

"Na sisi sheria tunayo." Tunayo, tena ya mwaka 1999, na COSOTA, ofisi yetu ya hakimiliki, tunayo. Mwaka 2013 zikaja stika za TRA, watu wa kodi, kwenye CD na DVD. Nilishaona stika moja ikihamia makasha matatu kabla ya saa sita mchana. Na haki inapatikana, sikatai. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliwapa wanamuziki Mwana FA na AY ushindi wa zaidi ya shilingi bilioni 2 dhidi ya kampuni ya simu iliyotumia nyimbo zao kama milio bila ridhaa yao. Rufaa zikafuata, lakini siku ile mimi niliruka huku peke yangu kama nimefunga goli. Mwana FA mwenyewe mwaka 2023 akaja kuwa naibu waziri wa wizara inayosimamia sanaa. Ila nambieni, yule wangu wa miwani ya jua angempata wapi wakili wa kumvumilia hadi Ilala?

Mwingine atadakia: wezi wakubwa ni hao hao wazungu. Ni kweli, na sina hamu ya kuwatetea. Mwanamuziki Solomon Linda wa Afrika Kusini aliuza haki za wimbo wake wa 1939, Mbube, kwa shilingi 10, ukazunguka dunia nzima, akafa maskini mwaka 1962, binti zake wakaja kufikia makubaliano ya kulipwa 2006. Lakini Bongo muvi nani aliziua? Wenye filamu walikuwa wanauza masta, ile nakala mama, kwa msambazaji Kariakoo, hela ya mara moja, haki zote zikaondoka na ile masta. Kanumba, nyota wa filamu hizo, alipofariki Aprili 2012 viwanja vya Leaders Dar havikutosha kwa watu waliokuja kumuaga. Watu tulikuwa nao. Kila aliyelia siku ile angetozwa shilingi 100 tu kila anapotazama filamu ya Kibongo, mngeona. Nani angekusanya lakini? Ndiyo hasira yangu yote hiyo. Mjerumani ameweza kunifuata mpaka mlangoni kwa muvi niliyoilalia, sisi tumeshindwa kumfuata mtu aliyekaa stendi na spika mbili zinapiga kelele.

Mambo ya barua yaliisha. Nilikwenda kwa mshauri wa sheria, tukawaandikia, wakashuka hadi euro 500, nalipa 100 kila mwezi. Torenti nimefuta.

Juzi binamu yangu kanitumia kiungo cha Telegramu, filamu mpya ya nyumbani, na ujumbe: "Kaka usinunue, hii hapa bure." Nikaifungua. Najua, najua. Chini ya skrini mwanzo mpaka mwisho kulikuwa na namba ya simu ya aliyeinyonya, imekaa juu ya jina la kampuni iliyoitengeneza. Na kila baada ya dakika kumi hivi, maandishi mekundu yanapita: USIIBE KAZI YANGU, TUNAFUATILIA.