Lile shimo la kwenye kona

Alkhamisi nilipeleka mzigo Seagrave, kijiji cha nje ya Leicester, kwenye kambi ya mazoezi ya Leicester City. Rasharasha, na baridi ya kukata masikio. Uwanjani mzee mmoja kapiga magoti peke yake, pembeni ndoo ya mchanga na mbegu za nyasi. Anaziba kijishimo kilichochimbwa na daluga, hakifiki upana wa kisahani cha chai. Akakisawazisha kwa kiganja, akasogea kwenye chengine.

Nimerudi garini roho inaniuma.

Najua mtakayosema: "Kishavuka maji huyo, sasa anatusimanga." Jamani, simsimangi mtu. Nimekulia Wete, Pemba, mpira nimeucheza peku kwenye uwanja ambao msimu wa karafuu nusu yake ni majamvi. Harufu ile nikiipata leo nalia. Wala sisemi tujenge kama wao. Wale walichukua uwanja wa gofu wa ekari 185, wakatia karibu pauni milioni 100, mwisho wa 2020 wakahamia kwenye viwanja 14 vya saizi kamili. Hizo hatuna, tuziache.

Lakini shimo?

Ndugu yangu, beki wa kushoto, goti lilimteguka mazoezini huko kwetu, kwenye shimo la karibu na kibendera cha kona. Sote tulikuwa tukilijua. Makocha watatu wamelikuta na wameliacha. Mchezaji mgeni akija tunamwambia "hapo pakwepe", basi. Hakuna aliyeleta hata toroli moja la mchanga. Leo ndugu yangu ana miaka 27 na ngazi anapanda kwa kushika ukuta.

Mtaniambia uwanja wa Amaan, Unguja, umetengenezwa ukapendeza, na uwanja wa Gombani, Pemba, Januari 2025 Zanzibar tumewafunga Burkina Faso 2–1 tukabeba Kombe la Mapinduzi. Si nilikuwa kazini naangalia kwenye simu, nikapiga ukelele mpaka msimamizi akaja mbio! Ndiyo maana nasema. Vijana wenye uwezo ule tunawapa nyasi na taa siku ya mechi. Siku nyengine zote wanakimbia wapi? Klabu inapata pesa ya kusajili washambuliaji kutoka bara, uwanja wa mazoezi ng'ombe wanakatiza.

"Basi lete wewe pesa." Naleta. Tumeshakubaliana watu wanne hapa: gari la mchanga, na mshahara wa mtu mmoja mwaka mzima, kazi yake uwanja tu. Nimewapigia viongozi wa klabu, wakaniuliza jezi zitafika lini.

Jezi nitaleta. Lakini lile shimo lizibwe kwanza, kabla ya masika.